Unauza friji lako mtandaoni, kumbe kuna mtu mwingine naye analiuza: madalali wa picha wamenichosha

Msafiri wa Segerea

Wakuu, habari za jioni.

Nahamia Dodoma kikazi. Nimepiga hesabu ya kukodi Fuso nikaona vitu vikubwa ni heri niviuze hapa hapa Dar, nikifika huko nijipange upya. Kuna friji la milango miwili, kabati la mninga, sofa la L na jiko la gesi la plati nne. Vyote vinafanya kazi na vyote nilivinunua vipya.

Tangazo nimeliandaa kwa adabu zote. Picha za mchana, hakuna filta. Friji lina mkwaruzo ubavuni, nikaupiga picha kwa karibu ili mtu asije akasema nimemficha. Bei nimeandika, laki tano na nusu, maana "bei inbox" mimi mwenyewe inanikera kuliko kitu chochote. Mtaa nimetaja. Nikamalizia kwamba anayetaka aje hata na fundi wake.

Basi meseji zikaanza. "Bado lipo?" Lipo. Kimya. "Bei?" Bei ipo juu ya picha, ndugu yangu. "Mwisho ngapi?" Huyo hajaliona friji wala hajauliza kama linagandisha, ameshafika mwisho. Mwingine akaomba picha za ndani nikatuma, akaomba video likiwa limewashwa nikatuma, akaomba nifungue na droo za mboga, nikafungua. Baadaye ananiambia alikuwa anamwangalizia shemeji yake wa Kigoma, na shemeji ameahirisha. Hao wote nawasamehe. Hata Kariakoo watu wanauliza bei wakipita.

Matapeli nao nimeshawazoea. Ukisoma mistari miwili unamjua.

Kilichonifanya nifungue uzi huu kimetokea Jumamosi. Amekuja baba mmoja mtu mzima, ana kirikuu nje na vijana wa kubeba. Anasema amefuata friji lake la laki sita na themanini. Nikamwambia mzee, hapa friji ni laki tano na nusu, na wewe sijawahi kuongea nawe. Akatoa simu. Picha ni zangu! Jiko ni langu, mpaka kalenda ya ukutani ipo. Ila jina ni la mtu mwingine, namba nyingine, na maelezo yanasema "nipo Sinza, nauza kwa sababu nasafiri nje". Elfu hamsini ya kushikilia mzigo alishatuma. Ramani ya kufika kwangu alipewa na huyo huyo mtu, ambaye kumbe wiki ile alikuwa amenipigia akijifanya mnunuzi na kuniuliza nyumba ni ya ngapi kutoka barabarani. Mpango ulikuwa akutane na mzee njiani, achukue hela, anilipe mimi changu, abaki na chake. Mzee kawahi.

Sasa fikiria hasira za yule mzee aliposikia bei halisi. Alijua tumepanga wote. Nimemweleza mpaka mate yamekauka, akaondoka na kirikuu tupu. Mteja wa kweli, hela mkononi, ameenda hivyo.

Halafu jana jirani ananiuliza mbona friji langu analiona kwenye kundi la WhatsApp la Mbagala kwa laki mbili na tisini, "tuma nusu tukuletee". Picha zile zile. Kwa hiyo kuna anayelipandisha na kuna anayelishusha, na mimi mwenye mali nipo katikati naitwa tapeli.

Hoja yangu ni hii: tapeli anamwibia mtu mmoja mmoja. Dalali wa picha anaharibu soko lote, kwa sababu akishapita yeye hakuna tena anayejua bei ya kitu ni ipi na mwenye kitu ni nani. Mnafanyaje nyie wenzangu?

Binti Kigamboni

Pole mkuu. Mimi siku hizi naandika kwenye karatasi namba yangu na tarehe, nabandika kwenye kitu chenyewe halafu ndiyo napiga picha. Usiibandike pembeni, wataikata. Ibandike katikati ya mlango.

Komredi Mtaratibu

Kisheria picha ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyepiga picha, hata kama kilichopigwa ni friji. Na mtu akidanganya mtandaoni ili achukue hela za watu, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Huyo wa laki mbili na tisini anaingia humo moja kwa moja.

Msafiri wa Segerea

Komredi, nakuona mwenyewe unanipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na picha ya friji. Mpaka nitoke huko, kule Dodoma watakuwa wameshampa mtu mwingine kazi yangu.

Dalali wa Kijiweni

Nimesoma mpaka mwisho na nimenyamaza kwa muda. Mimi ni dalali, Kinondoni, naishi kwa kazi hii na watoto wanasoma kwa kazi hii. Yule aliyechukua elfu hamsini ya mzee simtetei, hela ya kushikilia mzigo usio wako ni wizi. Lakini mmetuweka wote kwenye gunia moja, ngoja niwape upande wa pili.

Mteja wa friji hakai mtandaoni akisubiri tangazo la Segerea. Huyo mzee alitoka wapi? Aliletwa. Mimi najua nani anafungua mgahawa, nani kapanga chumba kipya, nani friji lake limekufa na ana mwali wiki ijayo. Nina vocha, nina nauli, nina miguu. Nikikuletea mtu, hiyo ni kazi.

Sasa mnatufanyia nini nyie wauzaji? Namleta mteja mpaka mlangoni, mnaangalia mzigo, mnasema "tutafikiria". Pembeni mmepeana namba. Kesho mteja anarudi peke yake, mnauziana, dalali anaambiwa biashara haikufanyika. Nikipita nalikuta friji kwa mteja linaunguruma. Ndiyo maana tunaficha mwenye mali. Ndiyo maana tunaweka cha juu kimya kimya badala ya kuomba asilimia. Tumeshaombaga.

Msafiri wa Segerea

Angalau umeongea. Lakini kaka, kwa nini usinipigie useme "mimi dalali, nina mteja, nataka elfu thelathini yangu"? Ningekubali hata usiku. Ulichokieleza ni sababu ya kutoniamini mimi. Mzee wa kirikuu amekosa nini hapo katikati mpaka aongezewe laki na thelathini asiyoijua?

Dalali wa Kijiweni

Ukisema "mimi dalali" simu inakatwa. Fanya majaribio. Andika kwenye tangazo lako "madalali mnakaribishwa, kuna chenu", uone kama nitaweka cha juu. Nyie mnaandika "MADALALI MSIPIGE" kwa herufi kubwa, halafu friji linakaa miezi.

Mama Mapacha

Naomba niingize upande wetu wanawake, maana hapa mmeongea bei tu.

Mimi nauza vitu vya watoto walivyovikulia. Vitanda, vigari vya kusukumia, viti vya kwenye gari, nguo kwa mafungu. Vitu vidogo simkaribishi mtu nyumbani, nakutana naye kituo cha mafuta chenye watu, mchana. Shida ni vikubwa. Kitanda huwezi kukibeba ukamwoneshe mtu kituo cha mafuta, lazima aje. Na hapo ndipo unapoanza kusikia maswali. Ameanza na "kina godoro?", anamaliza na "unaishi na nani hapo?" Ndugu yangu, unanunua kitanda au unanichumbia?

Ninachofanya: nakitoa barazani kabla hajafika. Mnunuzi haingii ndani, haoni televisheni iko wapi, haoni mlango wa nyuma unafungwaje. Kaka yangu anakuwepo, na kama hayupo naahirisha hata kama mtu ana hela taslimu. Baadhi wanasusa, wanasema nawaona wezi. Sawa tu.

Na nyie wa "nitumie picha ukiwa umeshika kitu chenyewe ili niamini", tunawajua.

Jabali la Nyegezi

Nyie mnaokaa Dar mnalalamikia dalali, sisi wa mikoani tunamtafuta hatumpati.

Mimi nipo Mwanza. Laptop iliyotumika hapa bei inatisha, nikiangalia matangazo ya Dar natamani. Sasa muuzaji wa Dar anataka hela yote kwanza, kisha anaweka kwenye basi pale Magufuli, Mbezi, anakutumia picha ya risiti ya kifurushi. Mimi nataka nione kwanza. Wote wawili tuna haki na wote wawili hatuaminiani, na katikati hakuna mtu. Wakala wa basi kazi yake ni kusafirisha boksi. Ndani kukiwa na tofali, si habari yake.

Kinachoniuma si hata tofali, tofali ni utapeli wa wazi. Kinachoniuma ni laptop nzima kabisa, safi, inawaka, halafu ukiiweka upya inakuambia hii ni mali ya kampuni fulani ya Ulaya, ingiza akaunti ya kazi. Au ina nywila ya BIOS, ile mipangilio inayokuja kabla Windows haijawaka, ambayo muuzaji "hajawahi kuiona". Umeshapoteza, maana kurudisha ni nauli ya basi tena na jamaa ameandika "mzigo ukitoka haurudi". Ilinitokea na jamaa mpaka leo yupo mtandaoni anaposti mpya kila asubuhi.

Sasa hivi natumia binamu. Kila mtu wa mkoani ana binamu Dar. Wangu ni mwanafunzi wa chuo, nimemfundisha: izime, iwashe ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, usiondoke hapo mpaka uone haiombi kitu. Kama ni MacBook, ifutwe mbele yako mpaka ifike kwenye skrini ya kuchagua lugha, uiunganishe na intaneti, usubiri uone haimtaji mwajiri wa mtu. Muuzaji akisema hana muda, muage. Binamu anakula elfu ishirini kwa kila mashine anayoikagua, hata nisiponunua.

Dalali wa Kijiweni

Huyo binamu ni dalali. Mwambie nimemkaribisha chamani.

Jabali la Nyegezi

Nimecheka kwa sauti. Ila tofauti ipo: binamu analipwa hata biashara ikifa. Wewe unalipwa ikifanyika tu, kwa hiyo hata kitu kibovu utakisifia.

Kaunta 7

Hili la Jabali lirudieni, ndilo kiini. Anayelipwa kwa kuuza hawezi kukupa ushauri wa kutonunua.

Upande wa simu niongeze kidogo, nimekaa kwenye fremu ya simu muda mrefu. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, ilinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio ya simu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia Juni 2016 waliweka namba 15090, unaituma IMEI huko inakurudishia jina la aina na modeli. Ukitumiwa jina la simu nyingine kabisa tofauti na uliyoishika, irudishe mezani. Lakini msidanganyike: inakuambia simu ni ya aina gani, haikuambii ni ya nani.

Na hapo kwenye "ya nani" ndipo watu wanapofia. Simu ikiwa ya wizi polisi wanaifuatilia kwa IMEI, na wanayemkuta ni wewe uliyeweka laini yako ndani. Aliyekuuzia namba yake haipatikani tena. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua, na iPhone ya milioni moja na nusu uliyouziwa laki tatu saa tatu usiku ni kazi kumweleza mpelelezi kwamba hukujua. Kwa hiyo: risiti na boksi kama vipo, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na karatasi ya mauziano yenye IMEI. Mzigo ukiwa mkubwa, mkaandikishiane serikali ya mtaa. Mwizi hapendi mihuri.

iPhone yenye akaunti ya iCloud ya mtu hata usiiangalie. Muuzaji akisema "nywila nitakutumia nikifika nyumbani", akaifuate nyumbani kwanza. Kufuli hilo lipo tangu iOS 7 ya mwaka 2013 na fundi wa kulitoa kwa uhakika mimi sijamwona, wanaojitangaza wengi wanaishia kuchukua vipuri.

Shombe wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu ni yayo kwa yayo, mabroka wa picha wamejaa, hasa tangu watu wahamie Facebook na Jiji, ile tovuti ya matangazo. Mnakumbuka OLX ilivyokuwa, kisha 2019 Jiji ikainunua kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Nigeria na Ghana. Majina yalibadilika, wateja wakabaki ni wale wale na "bado iko?" ikabaki ni ile ile.

La huku ambalo sijaliona mkilitaja ni mtu kukulipa kisha kuirejesha pesa. Anakuja, anapenda TV, analipa M-Pesa mbele yako, ujumbe wa kweli unaingia, salio unaliona. Anapakia tuktuk. Akifika kwenye kona anausambaza ule ujumbe kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurejesha pesa, akidai alikosea nambari. Ukizubaa, pesa zinashikwa na wewe ndiwe wa kujieleza. Kwa hivyo nikilipwa, kabla TV haijatoka mlangoni, namwomba anitumie ujumbe kwa nambari ile ile: "nimelipia TV inchi 43, nimeikagua nimeridhika". Mwenye nia njema huandika bila maneno. Pia pesa naziondoa palepale.

Msafiri wa Segerea

Hii ya ujumbe wa kukiri naichukua. Sijawahi kuifikiria.

Binti Kigamboni

Na huku usisahau ile ya meseji ya kutengeneza. Inakuja imeandikwa vizuri kabisa, "Umepokea Tsh 550,000 kutoka kwa…", kumbe imetoka namba ya kawaida ya mtu. Angalia salio lako wewe mwenyewe, usisome meseji. Akianza kulalamika kwamba mtandao unasumbua na boda wake anasubiri, mwambie boda akae anywe maji. Namba za hao zipelekeni 15040, angalau laini ifungwe.

Fundi Baridi

Nimechelewa uzini. Watu wameongea utapeli wote, friji lenyewe halijaguswa. Mimi natengeneza mafriji na AC, na kesi nyingi zinazokuja kwangu hakuna aliyetapeliwa. Muuzaji alisema ukweli, mnunuzi aliangalia kama taa inawaka, akalipa, friji likafia barabarani.

Ukienda kununua friji lililotumika, mwambie mwenye nalo alizime tangu asubuhi. Ukifika shika kompresa kwa nyuma, iwe ya baridi. Ukikuta ya moto ujue kawasha kabla hujaja, na hutajua inawakaje ikiwa ya baridi. Liwashwe mbele yako. Likiunguruma sekunde chache, likakata na sauti ya "tak", likajaribu tena, ondoka. Kama limewaka, usiondoke: kaa nusu saa, piga stori. Kuta za pembeni au nyaya za nyuma zipate joto, kwenye friza uanze kuona ukungu mweupe umesambaa. Ukungu ukishika kona moja tu, gesi ni pungufu au bomba limeziba.

Angalia mabomba ya shaba pale kwenye kompresa. Kulehemu kwa kiwandani kunafanana pande zote. Ukiona donge jipya linang'aa, limeshafunguliwa. Si lazima liwe baya, ila uliza nani alilifungua na kwa nini, na bei ishuke. Mpira wa mlango ujaribu kwa noti: ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka kama hakuna kitu, umeme wako utauona kwenye LUKU.

Halafu usafiri. Mnayalaza mafriji kwenye kirikuu, mnafika, mnachomeka. Oili imetoka kwenye kompresa imeingia kwenye mabomba. Lisafiri limesimama. Kama hapakuwa na namna, lisimamishe likae hivyo mpaka kesho yake ndipo uwashe. Nusu ya "aliniuzia bovu" ninazozisikia zinaanzia hapo, na muuzaji wa watu anatukanwa bure.

Mama Mapacha

Fundi, maswali mawili. Kusafirisha na boda unasemaje?

Fundi Baridi

La pili usiulize.

Dalali wa Kijiweni

Msafiri, nimepiga simu huku na huku. Nina mama anafungua kibanda cha juisi Buguruni, anataka milango miwili. Nimemtajia laki tano na nusu, ya kwako ile ile, mbele ya watu wote humu. Changu elfu hamsini, unatoa wewe. Anauliza gesi yake ni ipi, fundi wake kamwambia asinunue bila kujua.

Msafiri wa Segerea

Kibandiko cha nyuma kinasema R600a. Yako elfu arobaini, unalipwa hela ya mama ikishaingia.

Fundi Baridi

R600a ni nzuri, inakula umeme kidogo. Mwambieni tu fundi wa huyo mama kwamba gesi hiyo inawaka moto, siku akitaka kulehemu asiwashe gesi ya kulehemu kabla hajaitoa yote nje kwenye hewa.

Kaunta 7

Samahani niharibu sherehe. Hivi nyie mmeona mnachokifanya? Jina la bandia linamwahidi jina la bandia mteja, humo humo kwenye uzi wa kulalamikia majina ya bandia. Tapeli yeyote anayesoma hapa anaweza kumpigia Msafiri saa hii hii akasema "ni mimi yule dalali wa Kinondoni, natuma kijana".

Dalali wa Kijiweni

Kijana situmi. Nakuja mwenyewe na mama, Jumapili baada ya ibada. Elfu arobaini na tano.

Msafiri wa Segerea

Arobaini. Kitambulisho cha NIDA uje nacho, na mkifika muanzie kwa mjumbe, nyumba yake ina geti la bluu, yeye ndiye atawaleta kwangu. Friji nalizima tangu asubuhi.